Vilima Visivyo na Miti: Toka Kolwezi Hata Ruwenzori

Mtu anayesafiri kwa barabara toka Likasi kwenda Kolwezi hupita muda mrefu katika pori la miombo. Miti iko kuume na kushoto, mingine mikubwa, mingine iliyochipua tena baada ya kukatwa. Kisha huenda akaona kilima kimoja kimesimama peke yake, nacho hakina mti juu yake. Miti imekizunguka chini, kama watu wanavyozunguka ngoma, lakini haikipandi. Juu mna majani mafupi, mawe ya kijani, na maua madogo ya rangi ya zambarau.

Mgeni hudhani kwamba wachoma makaa wameimaliza miti ya hapo. Sivyo. Kilima cha namna hiyo kilikuwa kitupu tangu zamani sana, kabla shoka la kwanza halijafika. Ndani yake mna shaba, na shaba ikizidi katika udongo huwa sumu kwa mizizi ya miti. Mahali miti inapokoma, ndipo shaba inapoanza. Basi mpaka ule wa miti ni kama maandishi, na mtu ajuaye kuyasoma aweza kukisia kilichomo chini hata kabla ya kushika jembe.

Mbali na hapa, zaidi ya kilometa elfu moja upande wa kaskazini na mashariki, uko mlima Ruwenzori, katika mpaka wa Kongo na Uganda. Huko nako kuna mipaka iliyoandikwa juu ya mlima: hapa msitu unakoma, pale majani yanakoma, na juu kabisa ndipo theluji inapoanza. Siku hizi mipaka hiyo yote, ya Kolwezi na ya Ruwenzori, inasomwa na satelaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia juu sana angani na kuipiga picha. Nataka kuwaeleza jinsi usomaji huo ulivyoanza, na faida na hasara uliyotuletea. Maana swali kubwa si kwamba ni nani anayeona. Swali ni kwamba anaona ili afanye nini.

WALIOSOMA KWA MIGUU

Wa kwanza kuvisoma vilima hivi hawakuwa na kioo wala ramani. Walikuwa wazee wa nchi hii, Wasanga na wengineo, na baadaye Wayeke wa Mfalme Msiri wa Bunkeya. Watu waliofanya kazi ya kuyeyusha madini waliitwa wala shaba. Wakati wa kiangazi, kazi ya shamba ilipokwisha, walikwenda kwenye vilima vitupu na kuokota mawe ya kijani, ambayo wataalamu huyaita malakiti. Walichoma makaa ya miti ya pori lile lile lililozunguka kilima. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto kwa mivukuto ya ngozi, na shaba iliyoyeyuka wakaimimina katika kalibu ya mfano wa msalaba.

Misalaba hiyo midogo ilisafiri mbali. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba unapita baada ya kutoka pande zetu. Ndani ya makaburi walikuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na maiti. Makaburi mengine ya huko yana umri wa miaka mia nyingi. Basi shaba ilichimbwa na kufanyiwa biashara kabla Mzungu yeyote hajaiona nchi hii. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza kazi ya misioni katika Katanga, aliandika habari za hao wala shaba mwaka 1926, na maandishi yake yanasomwa na wanahistoria mpaka leo.

Tuangalie jambo moja. Wazee wale walichukua mawe ya juu juu, tena kwa miezi michache ya mwaka. Walikata miti kwa makaa, kisha wakahama, na miti ikaota tena. Kilima kilibaki kilima.

Mwaka 1892 alifika Mbelgiji mmoja, mtaalamu wa mawe, jina lake Jules Cornet, katika msafara wa Bia na Francqui. Alivipitia vilima vingi vya shaba, akaandika alichokiona, na maandishi yake yakaamsha hamu ya wenye fedha huko Ulaya. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Watafutaji wa madini walipita porini kwa miguu mwezi baada ya mwezi, nao wakajifunza somo lile lile la wazee: tazama mahali miti inapokoma. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa ajili ya madini yaliyosomwa hivyo.

WALIOSOMA MAUA

Baada ya watafutaji wa madini walikuja watafutaji wa mimea. Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, Paul Duvigneaud, alizunguka Katanga akichunguza mimea ya vilima vya shaba. Alichapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1958, na tena mwaka 1963 pamoja na mwenzake, Bibi Denaeyer-De Smet. Walionyesha kwamba mimea ya kilima hujipanga kwa safu. Chini kabisa ni miombo. Ukipanda kidogo, miti hupungua na kuwa mifupi. Kisha ni majani, na mahali penye shaba nyingi kabisa hubaki mimea midogo tu, ile inayoweza kuvumilia sumu.

Mmoja wa mimea hiyo huitwa na wataalamu Haumaniastrum katangense. Watu wengi huuita ua la shaba. Una mashina membamba na maua ya zambarau. Huota pia mahali ambapo zamani palikuwa na tanuru la wala shaba, kwa kuwa udongo wa hapo ulichafuka kwa madini. Baadaye wachimbuzi wa mambo ya kale, karibu na Lubumbashi, waliyafuata maua hayo wakayapata matanuru ya zamani yaliyofukiwa. Ua dogo likawa shahidi wa kazi ya watu waliokwisha kufa miaka mia nyingi.

Zaidi ya aina 30 za mimea ya vilima hivi hazioti penginepo duniani ila katika udongo wa shaba wa nchi hizi. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

JICHO LA ANGANI

Baada ya miguu likaja jicho la juu. Kwanza ilikuwa ndege. Katika miaka ya 1950 ndege zilipiga picha za sehemu nyingi za Kongo kwa ajili ya kuchora ramani. Katika picha hizo nyeusi na nyeupe kilima cha shaba kilionekana kama baka jeupe katikati ya pori jeusi. Mtu aliyekaa mezani aliweza kuona kwa saa moja vilima ambavyo mtafutaji wa zamani alitembea miezi kuvifikia. Walakini ndege ni ghali, na picha yake ni ya siku moja tu.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha angani satelaiti ya kwanza ya kuchunguza nchi kavu, ambayo baadaye iliitwa Landsat. Ilizunguka dunia kwa urefu wa kilometa 900 hivi, na kila baada ya siku 18 ilirudi juu ya mahali pale pale. Hili ndilo jambo jipya. Ndege ilileta picha. Satelaiti ilileta kumbukumbu. Mtu akiweka picha ya mwaka huu kando ya picha ya mwaka ule, huona mpaka umesogea wapi.

Labda mmoja wenu atauliza: chombo kilicho mbali namna hiyo chawezaje kutofautisha mti na majani, au theluji na wingu? Jibu ni nuru. Jua linapoangaza jani bichi, jani hula sehemu kubwa ya nuru nyekundu kwa ajili ya chakula chake. Lakini iko nuru nyingine, jirani ya nyekundu, ambayo macho ya binadamu hayaioni, na jani bichi huirudisha kwa wingi sana. Satelaiti hupima nuru hizo mbili. Mahali pekundu pamekuwa hafifu na nuru ile ya siri imekuwa kali, pana majani mabichi. Mahali nuru mbili zinapokaribiana, pana udongo, jiwe au majani makavu.

Theluji nayo ina tabia yake. Kwa macho yetu theluji na wingu ni vyeupe sawasawa. Lakini iko nuru ya namna ya tatu, ambayo pia hatuioni. Wingu huirudisha, theluji huimeza. Landsat ya kwanza haikuweza kuipima nuru hiyo. Satelaiti za ukoo huo zilizorushwa mwaka 1982 na 1984 ziliweza, na nukta moja ya picha zao ilikuwa na upana wa meta 30, badala ya meta 80 hivi za zamani. Mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala la picha zote za Landsat, kila mtu azipate bila kulipa. Kuanzia mwaka 2015 satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zimeongeza picha zenye nukta za meta 10. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu mwenye kompyuta na intaneti aweza leo kutazama kile ambacho zamani kilitazamwa na serikali kubwa na makampuni tu.

THELUJI YA RUWENZORI

Sasa twende Ruwenzori, tuone jicho hilo lilivyofanya kazi. Kilele chake, Margherita, kina urefu wa meta 5,109. Wenyeji wa mlima, Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo, waliijua theluji tangu kale, na jina la mlima lenyewe lahusiana nayo. Wageni walichelewa kuiona kwa sababu mawingu huufunika mlima karibu mwaka mzima. Stanley aliyaona mabarafu yake mwaka 1888, baada ya kupita karibu yake bila kujua. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa upande wa magharibi, akaeleza jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Mwaka 1906 mtawala wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika vileleni pamoja na mpiga picha Vittorio Sella. Walihesabu mabarafu 43. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji, ulioongozwa na Xavier de Grunne, ulipanda kwa upande wa Kongo na kuchunguza mimea na barafu pia.

Kwa hiyo tuna picha na ramani za zamani, na tuna picha za satelaiti. Mwaka 2006 kundi la wataalamu, Waingereza na Waganda pamoja, lilitangaza hesabu yake. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kama kilometa 6 na nusu za mraba. Katika picha ya satelaiti ya mwaka 1987 zilibaki kama 2. Katika ile ya mwaka 2003 ilibaki pungufu ya kilometa moja ya mraba. Wataalamu hao waliona kwamba sababu kubwa ni hewa kuzidi joto. Walisema pia kwamba barafu yaweza kwisha katika muda wa miaka ishirini hivi. Miaka hiyo imetimia, na mabaki madogo bado yapo juu ya mlima Stanley. Hesabu si unabii. Lakini mwendo wake ni ule ule: theluji inapanda juu, na mlima una mwisho.

Kazi hiyo haikuwa rahisi kama inavyosikika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa msomaji wa satelaiti mawingu ni kitabu kilichofungwa. Picha nyingi za Ruwenzori hazifai kitu. Tena theluji iliyoanguka jana hufunika mawe, na mtu asiyejua hudhani barafu imeongezeka. Ndiyo maana wachunguzi huchagua picha za kiangazi tu, kisha hupanda mlima kwa miguu na kupima ukingo wa barafu, wahakikishe kwamba picha haikuwadanganya.

SOMO LA KILIMANJARO

Yuko msomaji atakayesema: theluji ikiisha, mito itakauka. Wengi hufikiri hivyo. Lakini mlima mwingine, Kilimanjaro wa Tanzania, umetufundisha kuangalia vizuri zaidi.

Kilimanjaro nao umepoteza barafu yake. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilometa 12 za mraba, na mwaka 2007 ilibaki pungufu ya 2. Dunia nzima ilitazama juu, kwenye weupe ule. Wakati huo Mjerumani Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea, alitazama chini kidogo, kwenye ukingo wa juu wa msitu. Alilinganisha picha za satelaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000, na alitembea mlimani miaka mingi. Msitu wa juu wa miti ya erika, ambao mwaka 1976 ulienea kilometa 187 za mraba, ulibaki kilometa 32 tu. Wengi wangetazamia kwamba joto likiongezeka miti itapanda juu zaidi. Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume: mpaka wa miti ulishuka, kwa sababu ya moto. Hali ya hewa ilikuwa kavu zaidi, moto ukaenea juu zaidi, na msitu ukaungua.

Msitu ule ndio uliokamua maji katika ukungu. Ukungu ukipita kati ya miti, matone hushika kwenye majani na ndevu za miti, yakadondoka na kuingia ardhini. Hemp alionyesha kwamba maji yaliyopotea kwa kuungua msitu ni mengi kuliko yale yanayotoka katika barafu. Na Ruwenzori nako wachunguzi wamepima mito na kuona kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana. Mvua na misitu ndiyo inayoilisha mito ile.

Maana ya jambo hili ni nini? Theluji ni shahidi. Inatuambia kwamba hewa ya dunia inabadilika, na mkulima wa Beni au wa Moshi peke yake hawezi kuizuia. Lakini mpaka wa miti mara nyingi uko mikononi mwetu. Moto una mtu aliyeuwasha, na shoka lina mtu aliyelishika.

TURUDI KOLWEZI

Sasa turudi nyumbani. Mtu akichukua picha ya Landsat ya Kolwezi ya miaka ya 1970 na kuiweka kando ya picha ya siku hizi, ataona mambo matatu.

La kwanza, mashimo. Zamani yalikuwapo tayari, maana Union Minière ilichimba miaka mingi, na Gécamines ikaendelea baada ya serikali kuichukua kazi hiyo mwaka 1967. Lakini siku hizi ni mapana zaidi, na kando yake kuna madimbwi makubwa ya tope la viwanda, yenye rangi ambayo haipo katika maumbile ya nchi hii. Mahali pengi palipokuwa na baka jeupe katikati ya pori, yaani kilima cha shaba, leo pana shimo lenye ngazi. Kilima kimekuwa bonde.

La pili, mji. Kolwezi umekuwa makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, na nyumba zimeenea pande zote.

La tatu, miombo. Mpaka wa pori umesogea mbali na mji, kama ilivyo pia Lubumbashi, ambako wachunguzi wa chuo kikuu wameufuata kwa picha za satelaiti. Mama anayenunua gunia la makaa sokoni hana haja ya satelaiti kujua hilo. Anaijua bei, na anajua gunia linatoka mbali kuliko lilikotoka alipokuwa msichana. Lakini picha inasema jambo ambalo bei haisemi: ni wapi miti inachipua tena, na ni wapi ardhi imebaki tupu hata baada ya miaka kumi.

Hapa pana hatari ya kukosea ambayo lazima tuitaje. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majani ya chini huchomwa moto kila mwaka. Anayelinganisha picha ya Februari, wakati wa mvua, na picha ya Agosti ataona nchi nzima imekufa. Haikufa, imelala. Tena satelaiti haiwezi peke yake kutofautisha utupu wa shaba na utupu wa shoka. Zote mbili ni rangi ya udongo. Lazima mtu aende, ainame, atazame ua linaloota hapo.

Kuna na lililo zito zaidi. Tangu mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Picha ya angani iliweza kuonyesha maturubai yaliyofunika midomo ya mashimo. Haikuweza kuonyesha vijana waliokuwa chini yake gizani, wala vumbi walilolivuta, wala bei waliyolipwa jioni. Macho hayana pazia, lakini hata jicho lisilo na pazia haliwezi kuona penye udongo juu yake.

JICHO MOJA, KAZI MBILI

Basi twaweza kujibu swali la mwanzo. Mpaka wa miti wa vilima vya Katanga ulisomwa na wazee, ukasomwa na Cornet, ukasomwa na ndege na satelaiti. Karibu kila mara ulisomwa kwa ajili ya kitu kimoja: kujua pa kuchimba. Ukawa ni alama iliyomsaliti mwenyewe. Kilima kilionyesha shaba yake kwa utupu wake, na kwa sababu hiyo kikaondolewa. Wala mimi simlaumu aliyefanya kazi mgodini. Mshahara wa mgodi umejenga nyumba, umelipa shule, na umelisha jamaa nyingi katika nchi hii kwa zaidi ya miaka mia. Nasema tu kwamba hesabu haijatimia, na picha za angani zinatuonyesha upande wa hesabu uliokuwa umefichika.

Mnakumbuka mimea ile, zaidi ya aina 30, isiyoota penginepo duniani? Baadhi yake wataalamu wamekwisha kuihesabu kuwa imetoweka, kwa sababu vilima vyake vimechimbwa. Mtu aweza kusema: ni majani tu, yana faida gani? Sikieni jambo hili. Huko Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha shaba, udongo uliharibika hata usiote kitu. Watoto walicheza katika vumbi lake. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kupanda hapo jani fupi la vilima vya shaba liitwalo Microchloa altera, wakaongeza chokaa na mboji. Jani likashika, likafunika udongo wenye sumu. Mimea inayoondolewa ili shaba ipatikane ndiyo iwezayo kuponya mahali shaba ilipoharibu. Tukiimaliza, tumetupa dawa kabla ya kumaliza ugonjwa.

Karibu na Fungurume wataalamu wamejaribu pia kuhamisha mimea ya vilima vinavyochimbwa na kuiotesha penginepo. Kazi hiyo ni polepole. Lakini kazi ya namna hiyo huhitaji kwanza kujua ni vilima vingapi vimebaki, viko wapi, na mpaka wake umesogea kiasi gani. Hapo ndipo jicho lile lile lililomwongoza mchimbaji laweza kumwongoza mlinzi.

Picha zipo, tena ni za bure. Walimu wa shule zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaweza kuwaonyesha wanafunzi picha ya nchi yao ya mwaka waliozaliwa wazazi wao, na picha ya mwaka huu, na kuwauliza: nini kimebadilika? Kisha wawapeleke nje, kwenye kilima kitupu kilicho karibu, kama kimebaki, watazame mahali mti wa mwisho umesimama na mahali ua la kwanza linapoanza. Wawachukue na wazee, maana kuna wazee wanaokumbuka jina la kilima ambacho leo ni shimo, na majina hayo hayamo katika picha yoyote.

Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tumepewa macho ya namna mbili, ya juu na ya chini. Ya juu yanaona mpaka umesogea, na ya chini yanajua ni nani aliyeusogeza.